Kuifunga Nati ya Ekseli ya Nyuma Unapokaza Cheni ya Pikipiki: Mwongozo Kamili

Katika vijiwe vingi vya bodaboda vya Dar es Salaam, kukaza cheni ni kazi ya dakika chache inayofanyika kando ya barabara huku abiria akisubiri: nati ya ekseli inalegezwa, ajasta, zile boliti za kusogezea tairi nyuma, zinavutwa, nati inarudishwa kwa spana yoyote iliyo karibu, na safari inaendelea. Macho yote huwa kwenye cheni, na nati hupata mkono wa mwisho wa haraka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya dereva au mmiliki anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe, au kumsimamia fundi akijua anachokitazama, na unaiweka nati mbele ya mambo yote. Cheni iliyolegea hupiga kelele na kumwonya mwenye chombo, ilhali nati iliyolegea hukaa kimya mpaka siku inapoacha kushika.

Nati inashika nini hasa

Ekseli hupita katikati ya tairi la nyuma na ncha zake mbili hukaa kwenye matundu marefu ya swingiamu, yaani ule uma wa chuma unaolibeba tairi. Matundu hayo ni marefu kwa makusudi, ili tairi liweze kusogezwa nyuma cheni inapolegea. Madereva wengi hudhani kwamba ajasta ndizo zinazolizuia tairi lisirudi mbele, lakini ajasta ni boliti nyembamba ambazo kazi yake ni kupanga mahali pa ekseli tu. Kinacholishika tairi ni msuguano: nati inapokazwa, huivuta ekseli kwa nguvu kubwa, na mvuto huo huzibana pande mbili za swingiamu, bushi na pete za ndani za beringi zikawa kama kipande kimoja.

Dereva anapovuta mafuta, cheni huuvuta upande mmoja wa tairi kuelekea mbele, na kwa pikipiki nyingi upande huo ni wa kushoto. Mbano wa nati ukiwa mdogo, ekseli huanza kuteleza upande huo pekee, tairi hukaa mshazari, ajasta hupinda, na cheni ambayo asubuhi ilikuwa sawa hulegea bila sababu inayoonekana. Hatua inayofuata ni cheni kuruka meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni, na kujibana kati ya sproketi na swingiamu, jambo linaloweza kulifunga tairi la nyuma ghafla. Anayeijua Barabara ya Morogoro saa ya jioni hahitaji kuelezwa tairi kufunga katikati ya malori na daladala kunamaanisha nini.

Vifaa

Spana ya nati ya ekseli hutofautiana kwa kila pikipiki. Kwa pikipiki ndogo mara nyingi ni namba 17, 19, 22 au 24. Tumia spana ya boksi au soketi inayoikumbatia nati pande zote, kwa sababu spana ya mdomo wazi hula pembe za nati, na nati iliyolika pembe haiwezi tena kukazwa ipasavyo hata kwa fundi mwenye mikono ya chuma. Utahitaji spana ya pili ya kushikilia kichwa cha ekseli upande wa pili, spana ndogo za ajasta, ambazo huwa namba 10 au 12, plaizi, rula ya chuma, brashi, matambara, mafuta ya taa kidogo, na splitipini mpya, ile pini laini ya miguu miwili inayokunjwa, ikiwa nati yako ni ya kufungwa kwa pini. Splitipini ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa katika maduka ya vipuri ya Kariakoo, kwa hiyo nunua kadhaa kwa mara moja uziweke chini ya siti.

Spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ndicho kifaa bora, lakini wachache wanayo. Njia ya kufanya kazi bila kifaa hicho nimeieleza mahali pake.

Pima kabla ya kugusa nati

Zima injini, weka gia nyutro na usimamishe pikipiki kwa stendi kubwa mahali pagumu na tambarare. Kwenye mchanga, ambao haukosekani katika mitaa ya Mbagala na Kigamboni, weka ubao chini ya stendi.

Safisha cheni kwanza. Mchanga uliogandamana na oili huficha pini zilizokakamaa na huharibu kipimo. Brashi iliyochovywa kwenye mafuta ya taa inatosha. Petroli inawaka kwa wepesi mno na, kwa cheni zenye pete za raba ndani, huziharibu pete hizo. Zungusha tairi kwa mkono. Kusafisha cheni huku injini ikiwaka na gia ikiwa imeingia ni desturi inayookoa dakika mbili na inayokata vidole, na hakuna namna salama ya kuifanya.

Sasa pima ulegevu. Katikati ya sproketi mbili, upande wa chini, sukuma cheni juu na uivute chini, kisha soma jumla ya mwendo wake kwa rula. Kwa pikipiki ndogo nyingi kipimo hicho huwa kati ya milimita 20 na 30, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli ya mwisho, na mara nyingi kipimo kimeandikwa pia kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye swingiamu au kwenye kava la cheni. Kitabu husema vilevile kama upime ikiwa kwenye stendi kubwa au stendi ya pembeni. Rudia kipimo huku ukilizungusha tairi, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Panapobana zaidi ndipo pa kupimia. Ukikaza kwa kufuata sehemu iliyolegea, sehemu inayobana itakuwa kama kamba ya gitaa.

Wapo wanaopenda cheni iliyonyooka kabisa wakiamini kwamba pikipiki huwa nyepesi. Fikiria kinachotokea mzigo unapopanda. Swingiamu inapobonyea, umbali kati ya sproketi ya mbele na ekseli huongezeka mpaka sproketi ya mbele, pini ya swingiamu (pale inapoungana na fremu) na ekseli zifike kwenye mstari mmoja, kwa hiyo cheni hukaza zaidi abiria akiwa juu kuliko pikipiki inapokuwa tupu. Kwa anayebeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, jambo ambalo sheria hairuhusu lakini barabara zetu zinalishuhudia kila siku, cheni iliyokazwa bila nafasi huvuta beringi za habu, beringi ya shafti ya gia, na ekseli yenyewe dhidi ya nati katika kila tuta.

Kagua pia kama cheni bado inastahili kukazwa. Pikipiki ndogo nyingi hutumia cheni ya namba 428, ambayo umbali kati ya pini na pini ni milimita 12.7. Ivute inyooke, kisha pima kutoka pini ya kwanza hadi ya 21: ikiwa mpya, urefu huo ni milimita 254. Ikifika karibu milimita 259 imerefuka kwa asilimia mbili na imekwisha. Ibadilishe pamoja na sproketi zake zote mbili, hasa kama meno yamekuwa makali na kulalia upande mmoja. Kuendelea kuvuta ajasta kwa cheni ya namna hiyo ni kuisumbua nati bure.

Kulegeza kwa mpangilio

Ukiona splitipini, inyooshe ncha kwa plaizi, ichomoe na uitupe. Kisha legeza nati ya ekseli kwa kiasi cha ekseli kuweza kusogea tu, bila kuitoa. Baadhi ya pikipiki za muundo wa Kihindi zina nati mbili upande wa cheni, moja ya ekseli na nyingine kubwa zaidi inayoshika kibebeo cha sproketi. Zote mbili zilegezwe, la sivyo upande mmoja utasogea na mwingine utabaki.

Ikiwa breki ya nyuma ni ya ngoma, tazama mkono wa chuma unaounganisha bamba la breki na swingiamu. Nati yake ilegezwe kidogo, kwa sababu bamba linahitaji kugeuka kidogo ekseli inaporudi nyuma. Kumbuka kwamba umeilegeza. Mkono huo ndio unaolizuia bamba la breki lisizunguke pamoja na tairi, na nati yake ikisahaulika, breki ya kwanza ya nguvu inaweza kukunja rodi ya breki inayotoka kwenye pedali na kulifunga tairi.

Ikiwa nati ya ekseli imeganda kwa kutu, jambo la kawaida kwa pikipiki zinazolala karibu na bahari kuanzia Kunduchi hadi Kigamboni, isugue kwa brashi ya waya, tia oili nyepesi na uiache kwa muda. Usiipige nyundo pembeni. Nyuzi za ekseli huharibika kabla kutu haijaachia.

Kusogeza ekseli

Geuza nati za ajasta robo mzunguko upande mmoja, robo mzunguko upande wa pili, kwa zamu, ukipima ulegevu kila mara. Ukipitiliza na cheni ikabana mno, usiridhike na kurudisha ajasta peke yake: lisukume tairi mbele mpaka ekseli iegemee ajasta, ndipo uanze tena kuvuta.

Alama za mistari zilizochongwa kwenye swingiamu husaidia, lakini si za kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa, hasa kwa swingiamu iliyowahi kuchomelewa au kupigwa katika ajali. Njia ya uhakika zaidi ni kupima kwa waya au utepe kutoka katikati ya pini ya swingiamu hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili; namba zikilingana, tairi limenyooka. Kisha chuchumaa nyuma na utazame cheni inavyoingia kwenye sproketi. Ikiwa bati za pembeni zinalamba ubavu wa meno, bado kuna mshazari.

Kukaza nati

Hapa ndipo kazi huharibika, kwa haraka au kwa nguvu nyingi.

Kwanza, hakikisha ekseli imeegemea ajasta kabla hujakaza. Viringisha tambara nene, liweke kati ya cheni na sproketi ya nyuma, kisha lizungushe tairi kwa mkono, polepole, mpaka tambara limezwe kidogo na cheni ikakaza. Kwa namna hii ekseli huvutwa mbele na kutulia dhidi ya ajasta zote mbili, nawe unaweza kukaza bila tairi kusogea. Vidole viwe mbali, na usitumie bisibisi badala ya tambara, kwa sababu chuma huvunja meno. Kwa breki ya ngoma, kuna faida pia ya kumwomba mtu akanyage breki ya nyuma wakati unakaza, ili viatu vya breki vijipange katikati ya ngoma.

Pili, angalia nyuzi. Zifute zikauke. Grisi inafaa kupakwa kwenye mwili wa ekseli unapoitoa yote, kwa ajili ya kuzuia kutu, lakini kwenye nyuzi usipake isipokuwa kitabu kimeelekeza. Nyuzi zilizopakwa grisi hupunguza msuguano, na kwa nguvu ileile ya mkono nati huvuta ekseli zaidi ya ilivyokusudiwa. Washa, ile pete bapa inayokaa chini ya nati, irudi mahali pake na kwa upande wake. Ianze nati kwa vidole mizunguko kadhaa. Ikikataa mapema, nyuzi zimepishana au nati si ya ekseli hiyo. Nati iliyookotwa kwenye kopo la fundi inaweza kulingana kwa unene na bado ikawa na nyuzi pana zaidi, na spana huilazimisha kuingia huku ikichana nyuzi za ekseli.

Tatu, kiasi cha kukaza. Kwa pikipiki ndogo, torki ya nati ya ekseli ya nyuma mara nyingi huwa kati ya nyutoni-mita 50 na 90. Tafuta namba ya pikipiki yako kwenye kitabu chake au umwulize muuzaji wa kampuni husika. Vitabu vingine huandika kwa kilo-mita, ambapo moja ni takriban nyutoni-mita 9.8.

Kama huna spana ya torki, tumia mizani ya ndoano, ile inayopimia samaki na nyama. Itundike ndoano kwenye mpini wa spana sentimita 30 kutoka katikati ya nati, kisha vuta kwa pembe ya mraba na mpini mpaka mizani isome kilo 20: umefikia karibu nyutoni-mita 60. Kwa nyutoni-mita 80, vuta hadi kilo 27. Hesabu yenyewe ni kilo mara 9.8 mara urefu wa mpini kwa mita, na mtu akishaifanya hivyo mara chache mkono wake hujifunza. Njia hii si sahihi kama spana ya torki, lakini inashinda kwa mbali bomba la sentimita 60 linalochomekwa kwenye mpini na kukanyagwa kwa mguu. Kilo 50 za mguu kwenye mpini wa urefu huo ni karibu nyutoni-mita 300, zaidi ya mara tatu ya kinachohitajika, na ekseli iliyovutwa hivyo hurefuka kwenye nyuzi na haitashika tena.

Shikilia kichwa cha ekseli kwa spana ya pili na uzungushe nati peke yake. Kwa pikipiki yenye nati mbili upande wa cheni, fuata mpangilio wa kitabu na usiache mojawapo. Ukimaliza, toa tambara kwa kulirudisha tairi nyuma, kisha pima ulegevu wa cheni tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, ilhali kukaza nati mara nyingi huisogeza ekseli kidogo, na kipimo cha milimita 25 kinaweza kuwa 18. Kikibadilika, legeza, sahihisha, kaza upya. Mwisho, zibane nati za ajasta ziguse bila kukazwa kwa nguvu.

Kuifungia nati isirudi

Nati yenye mikato ya kupitishia splitipini hukazwa mpaka torki yake, kisha hutazamwa kama tundu la ekseli limekutana na mkato. Lisipokutana, endelea kukaza kidogo hadi mkato unaofuata; kamwe usirudishe nyuma ili pini ipite, kwa sababu hapo unaukata mbano ulioufanyia kazi. Ingiza pini mpya yenye unene unaolijaza tundu, kunja mguu mmoja juu ya ncha ya ekseli na mwingine uulaze kwenye ubavu wa nati, na ukate kinachozidi.

Msumari uliopindwa, kipande cha spoku na waya wa kufungia nondo huonekana mara kwa mara mahali pa splitipini. Havijazi tundu, hucheza, na hukatika kwa mtikisiko. Hata hivyo, pini iliyo bora haiongezi mbano: inaizuia nati isidondoke, basi. Nati iliyokazwa kwa vidole na kutiwa pini nzuri itabaki kwenye ekseli huku tairi likicheza, na kwa hiyo kuiona pini ipo hakutoshi kuwa ushahidi kwamba kazi imefanyika.

Nati yenye pete ya nailoni hujifunga yenyewe, na haihitaji pini. Kipimo chake ni rahisi: ikiwa unaweza kuizungusha kwa vidole mpaka nyuzi zikapita kwenye nailoni, imekwisha, tafuta nyingine. Nyuzi za ekseli zichomoze nje ya nailoni baada ya kukaza. Gundi ya nyuzi siipendekezi hapa; ni sehemu inayofunguliwa mara nyingi, na gundi humfanya fundi anayefuata atumie nguvu asizozihitaji.

Kabla ya kuondoka

Rudi kwenye nati ya mkono wa breki, ikaze na uifunge kwa pini yake ikiwa ina tundu. Tairi limesogea nyuma, kwa hiyo rodi ya breki imevutika na pedali imepanda. Rekebisha nati ya rodi mpaka pedali iwe na mwendo mtupu, yaani umbali inaobonyea kabla breki haijaanza kushika, ambao kwa pikipiki nyingi ni milimita 20 hadi 30, na uhakikishe taa ya breki inawaka na kuzima kwa wakati wake. Kwa breki ya diski, pampu pedali mara kadhaa. Zungusha tairi: lizunguke bila kukwaruza. Lishike juu na chini, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza baada ya nati kukazwa sawasawa, tatizo ni beringi au bushi iliyosahaulika, na kuongeza nguvu kwenye nati hakutalitibu.

Paka cheni oili ya gia kwenye uso wake wa ndani huku ukilizungusha tairi, kisha futa inayozidi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka injini ni ya bure, lakini ina masizi na unga wa chuma, na pamoja na vumbi la barabara za ndani hugeuka kuwa msasa.

Halafu chora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye swingiamu kwa rangi ya kucha, nyekundu au nyeupe. Nati ikigeuka hata kidogo, mstari utakatika na utauona kila asubuhi bila kushika spana. Angalia torki tena baada ya siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu rangi, kutu na washa mpya hujilaza na kupunguza mbano. Baada ya hapo, kila unapopima cheni. Katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, mchanga na maji hupunguza umri wa cheni na kazi hii hurudi mapema zaidi. Tairi likitolewa kwa ajili ya pancha, usiihesabu nati kuwa imefungwa mpaka wewe mwenyewe umeona splitipini mpya au umeishika nati ya nailoni, umeupima ulegevu wa cheni, na umechora mstari upya.